Je, Uhandisi Waweza Kusomwa kwa Mbali?

Mkazi wa Tegeta hana haja ya kuelezwa kwamba umeme hufuliwa mahali fulani kabla haujafika kwenye taa yake. Hapa kwetu, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, upo mtambo wa gesi asilia wa megawati 45 ulioanza kazi mwaka 2009. Kabla ya huo ulijengwa mwingine wa megawati 100, ambao ulianza mwaka 2002 kwa kutumia mafuta mazito. Na tangu mwaka 2004 gesi ya Songosongo hufika kwa bomba lake mpaka kwenye kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Mwaka 2014 jina la Tegeta lilivuma Bungeni kwa habari ya fedha za akaunti ya escrow, hata sisi watoto wa shule ya msingi tukalijua neno hilo la kigeni kabla hatujafundishwa megawati ni kitu gani.

Nalitaja jambo hili kwa sababu moja. Mwezi Julai mwaka 2023, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme, nilitakiwa kufanya mafunzo ya vitendo ya majuma manane, nami nilidhani ningekwenda kazini kwa miguu. Haikuwa hivyo. Nafasi zilikuwa chache na waombaji walikuwa wengi. Nafasi niliyoipata ilikuwa katika kampuni inayoendesha mitambo midogo ya umeme wa jua vijijini, na mafunzo yenyewe yalikuwa ya kukaa nyumbani mbele ya kompyuta. Basi nikawa naisikia mitambo ya jirani, huku nikijifunza umeme wa kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, ambako sijakanyaga hadi leo.

Siku hizi mafunzo ya namna hii yanazidi kuenea, na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma jarida hili huenda wakakutana nayo karibuni. Yafaa wajue yana nini na hayana nini.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Katika kila mtambo kuna kifaa kidogo ambacho kila baada ya dakika kumi na tano hupeleka, kwa mtandao wa simu, habari za volti za betri, mkondo unaotoka, nishati iliyopokewa kutoka kwenye paneli za jua, na joto la chumba cha betri. Mimi nilizipokea tarakimu hizo, nikazichorea grafu, nikatafuta mahali ambapo mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa, na kila Ijumaa nikaandika taarifa. Kwa hakika nilijifunza mengi. Nilijifunza kwamba kijiji kina tabia yake kama mtu: mashine ya kusaga huamka saa tatu asubuhi, matumizi hupungua mchana, kisha kuanzia saa moja jioni taa, redio na televisheni zote hudai haki yao kwa pamoja, saa ile ile ambapo jua limekwisha kutua na betri imebaki peke yake. Darasani tulikuwa tumefundishwa jambo hili kwa mstari mmoja tu. Kwenye grafu za siku hamsini nililiona kwa macho yangu. Mwanafunzi aliyepelekwa kushika bisibisi katika karakana moja kwa majuma manane asingeiona mitambo kumi na miwili kwa wakati mmoja kama nilivyoiona mimi.

Wala kuongoza umeme kutoka mbali si jambo geni. Gridi ya Taifa huongozwa kutoka Ubungo. Mwongozaji aliyekaa pale huamua maji ya Mtera na Kidatu yafanye kazi kiasi gani, naye haoni hata tone la maji hayo. Anachokiangalia ni mizunguko 50 kwa sekunde, isizidi wala isipungue sana. Kwa hiyo siungani na wale wanaosema kwamba kazi ya kompyuta si uhandisi. Tofauti ni kwamba kule kwenye bwawa yupo mtu wa kuzungumza naye, na mwongozaji anajua kila kipimo anachokisoma kimefungwa wapi. Mimi sikujua, na ujinga huo nusura uwagharimu watu wengine.

Katika juma la tano niliona kwamba betri za mtambo mmoja zinashuka volti kupita kiasi kila jioni. Zilikuwa betri za risasi na asidi, seli 24 zilizofuatana, jumla kama volti 50 zikiwa zimetulia. Miezi iliyotangulia, mkondo ulipofika ampea 100 kipimo kilisoma volti 49. Sasa, kwa mkondo ule ule, kilisoma 48.2. Mwanafunzi yeyote wa fizikia anaijua hesabu hii: volti zinazopotea hugawanywa kwa mkondo, ukapata ukinzani wa ndani wa betri. Zamani ulikuwa omu 0.01, sasa umekuwa 0.018. Ukinzani wa ndani ukikaribia mara mbili, vitabu husema betri inazeeka. Basi nikaandika, kwa ujasiri wa mtu ambaye hesabu zake hazina kosa, kwamba betri zote za mtambo ule zibadilishwe. Hayo ni mamilioni ya shilingi, na mwishowe fedha hizo hulipwa na mwanakijiji katika bei ya uniti anayoinunua.

Mhandisi mlezi wangu aliisoma taarifa ile, akaniuliza swali moja tu kwa simu: "Voltmita imefungwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Katika mchoro niliopewa, betri ilikuwa kisanduku kimoja, na inveta, yaani mashine inayougeuza umeme wa betri uwe kama huu wa majumbani, ilikuwa kisanduku cha pili. Kati yao palikuwa na mstari. Katika akili yangu mstari ulikuwa mstari, haukuwa na urefu, haukuwa na boliti, wala haukuweza kushika kutu.

Akaniagiza nimpigie msimamizi wa mtambo, dada aliyesoma hadi kidato cha nne akaajiriwa kuulinda na kuutunza mtambo huo. Nilimwamkia, akaniitikia, "Marahaba, mdogo wangu. Ndiye wewe injinia wa Dar anayetutazama?" Nilipomweleza habari za betri alicheka. Akasema betri anazisafisha mwenyewe kila juma na hazina neno, ila jioni, pale kwenye boliti inayoshika waya mnene uendao kwenye inveta, pananuka plastiki iliyoungua.

"Mbona hukutuarifu, dada?"

"Nani ameniuliza? Fomu yenu ina mahali pa kuandika volti. Haina mahali pa kuandika harufu."

Voltmita ilikuwa imefungwa upande wa inveta. Kwa hiyo volti nilizozihesabu kuwa zimepotea ndani ya betri, 0.8 miongoni mwake zilikuwa zikipotea katika boliti moja iliyolegea na kuliwa na unyevu wa ziwani. Kanuni ni ile ile ya Ohm: volti 0.8 kwa ampea 100 ni ukinzani wa omu 0.008, kitu ambacho mtu angekidharau. Lakini zidisha volti hizo kwa mkondo na utapata wati 80 za joto. Pasi ya kulehemu ya fundi redio aghalabu ni ya wati 40 au 60, nayo huyeyusha risasi. Wati 80 zilikuwa zimekusanyika katika chuma kisichozidi kidole gumba, kila jioni, ndani ya chumba cha betri za asidi ambazo hutoa gesi ya hidrojeni zinapochajiwa. Kipimajoto cha chumba hakikuonyesha lolote, kwa kuwa kilining'inia ukutani mbali na hapo. Asubuhi iliyofuata mtambo ulizimwa kwa saa moja, boliti ikabadilishwa, uso wa shaba ukasuguliwa kwa brashi ya waya, nati ikakazwa sawasawa. Jioni yake, kwa ampea 100, kipimo kilisoma volti 49.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba sikujua tarakimu zile zinatokana na kitu gani, na hakuna kompyuta ambayo ingenionyesha kwamba sijui. Mtu aliyewahi kuikaza boliti ya namna ile mara moja tu, akauona waya uliobadilika rangi kwa joto, angeuona mstari ule wa mchoro akauliza una nini ndani yake. Naamini kwa hiyo kwamba vyuo vinakosea vinapoyahesabu mafunzo ya mbali kuwa sawa kabisa na mafunzo ya vitendo, hasa kwa mwanafunzi ambaye bado hajashika mtambo wowote.

Taifa letu lilikwisha kulifikiri jambo hili zamani. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973, mafunzo ya vitendo viwandani yalifanywa sehemu ya masomo yenyewe. Mwaka uliofuata Azimio la Musoma likataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Utaratibu huo wa pili uliachwa baadaye, na pengine ulistahili kuachwa, kwa maana uliwachelewesha wengi. Lakini swali lililouzaa lingali hai.

Najua nitajibiwa kwamba viwanda ni vichache na wanafunzi wamekuwa maelfu, na kwamba kijana asiye na ndugu mjini hawezi kulipa chumba na nauli kwa majuma manane. Ni kweli. Nami mwenyewe nilinunua vifurushi vya intaneti kwa fedha ya mama yangu, na mwezi Septemba mgao wa umeme uliponikuta katikati ya taarifa yangu ya mwisho, nilikwenda kuimalizia kwa fundi cherehani mwenye paneli yake ya jua. Sidai kwamba mafunzo ya mbali yafutwe. Nadai mambo mawili tu. Kwanza, mwanafunzi asikubaliwe kuyafanya kabla hajamaliza walau majuma manane ya kushika vyombo, hata kama ni katika karakana ya chuo au kwa fundi mchundo wa mtaani. Pili, kila anayefundishwa kwa mbali apewe mtu mmoja kule kwenye mtambo awe mwalimu wake kwa haki, na mtu huyo alipwe kwa kazi hiyo. Yule dada wa kisiwani alinifundisha kuliko mtu yeyote mwaka ule, wala jina lake halimo popote katika hati za chuo changu.

Walimu wa fizikia wanaweza kuanza mapema zaidi. Chukua betri ya pikipiki ya volti 12 na taa yake ya mbele ya wati 35, ambayo hula kama ampea 3. Katika waya mmoja weka kiungo cha boliti yenye kutu, iliyokazwa kidogo tu, na uangalie waya za pande mbili za betri zisigusane kamwe. Mruhusu mwanafunzi mmoja apime volti kwenye taa, asiione betri wala kiungo, kisha ahesabu ukinzani wa ndani wa betri na kuuandika ubaoni. Halafu mwite aje apime kwenye ncha za betri zenyewe.