Kandili Niliyoiuza

Wasomaji wengi watakumbuka usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipokatika karibu Kenya nzima kwa wakati mmoja. Hata kiwanja kikubwa cha ndege cha Nairobi kiliingia kiza. Novemba na Disemba za mwaka uo huo mambo yakajirudia. Magazeti yaliandika sana juu ya mitambo na juu ya nani wa kulaumiwa, nami sina la kuongeza huko. Yangu ni juu ya nyumba zetu, na nitaanza na ya kwangu, maana mwenye kukosoa ni haki aanze na nafsi yake.

Kesho yake, Jumamosi baada ya adhuhuri, tulikuwa tumealika watu kwa hitima ya marehemu mama yangu. Ulikuwa msimu wa kusi, kipupwe chenyewe, rasharasha na upepo wa bahari. Baridi ambayo mtu wa bara huicheka, lakini sisi wa pwani hutoa mablanketi. Friji ilijaa nyama na samaki. Nazi zilikuwa zimepangwa ukutani zikingojea kukunwa kwa mashine asubuhi. Jiko la gesi lilikuwa zima, tusijifanye tumeonewa kwa kila kitu. Lakini tangi la juu ya paa hujazwa kwa pampu, na pampu hula stima. Simu zilitumulikia, kisha zikazimika moja baada ya moja.

Hapo mke wangu akaniuliza, kwa upole unaouma kuliko ukali, "Kandili ya mama iko wapi?"

Kandili ya mama niliiuza. Mwaka uliofuata kufa kwake alipita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, nikampa kandili, seredani na mbuzi mbili za kukunia nazi, kwa pesa zisizopita bei ya kilo mbili za sukari. Kwa mwangaza wa kandili ile ndipo nilipodurusi juzuu ya Amma nikiwa mtoto wa chuoni. Na huyu aliyeiuza ndiye yule yule ambaye mmemsoma humu akisifu ya kale kwa beti na vina!

Aliyetuokoa ni jirani yetu, mama wa makamo ya mama yangu, ambaye mtaa mzima humwita shangazi. Alileta kandili imewaka, chemni yake safi kama maji, na mbuzi ikwapani. Neno lake la kwanza lilikuwa juu ya friji: "Hilo sanduku msilifungue tena." Sisi tulikuwa tukilifungua kila baada ya dakika kumi kutazama kama nyama ingali ngumu, na kila tukitazama tukiitoa baridi nje. Friji ya kugandisha iliyojaa, ikiachwa imefungwa, huhifadhi baridi yake siku nzima na hata zaidi. Samaki waliokwisha lainika aliwapasua akawatia chumvi.

Alfajiri ikaadhiniwa bila kipaza sauti. Nilisikia koo ya mtu, si ya chombo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikamtambua mwadhini wetu kwa sauti yake.

Kisha ikaja zamu ya nazi. Wanawake tisa walikuwa uani, na wawili tu ndio waliojua kukalia mbuzi. Binti mmoja, msomi wa chuo kikuu, alijikuna kidole kabla ya kumaliza kizio cha kwanza. Mbuzi haitaki nguvu. Kizio huzungushwa kwa vifundo vya mikono, kikiegemezwa tu kwenye meno, na mkono lazima ujue pa kukomea, maana ukifika kwenye gamba la kahawia tui linaingia weusi. Hayo hayasemeki yakaeleweka. Shangazi alimshika yule binti mikono kutoka nyuma, kama afundishwavyo mtoto kuandika alifu.

Maji ya kunywa yalitoka kwake pia, ya mtungi, yenye harufu ya ufukizo. Mtungi wa udongo mtupu una vinyweleo. Maji hupenya mpaka nje, upepo ukayakausha, na kule kukauka ndiko kunakoondoa joto. Kwa sababu hiyo huwekwa kivulini penye kupita upepo. Ile mitungi inayopakwa rangi ya mafuta na kusimamishwa milangoni kama pambo haiwezi kazi hiyo, imezibwa pumzi.

Sasa nisije nikafahamika visivyo. Sisemi turudi kwenye kibatari. Moshi wa mafuta ya taa ni adui wa kifua, na mkaa unaowashwa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini, jambo la kukumbukwa hasa wakati wa baridi. Tena tangu kodi ya shilingi 18 kwa lita ilipoongezwa mwaka 2018, mafuta yenyewe si ya maskini tena. Mwenye taa ya jua na aitumie, ni neema. Ninalosema ni kwamba hakuna taa ya jua ikunayo nazi, wala iwezayo kumwambia mtu aache mlango wa friji. Tumefikiri kuwa urithi wetu umehifadhika kwa kuwa Lamu iko nyumba ya kale iliyofanywa makumbusho, na vyombo vyake vimo. Vyombo vimo, alhamdulillahi. Mikono je? Shangazi ana miaka themanini na kitu, na mtaani kwetu sijui wa pili wake.

Hitima ilisomwa kwa wakati wake, na wali ulikuwa wa nazi. Stima ilirudi watu wakinawa mikono.

Jumatatu niliirudisha kandili. Shangazi alikataa kuipokea mpaka mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja aweze kukata utambi na kuiwasha bila kuitia chemni masizi. Mpaka naandika haya, amevunja chemni moja, na ya pili nimeizungukia maduka ya mjini siku tatu nzima.