SIKU ZA MUSWADA ZISIPUNGUZWE

Ndugu wafanya kazi,

Mara kwa mara twasikia ya kwamba Bunge lapoteza wakati kwa maneno mengi, na kwamba yafaa wakati wa kujadili miswada upunguzwe. Hapa Shimanzi, na jioni katika baraza za Mji wa Kale, wako wenzetu wanaokubali. Twawaomba wafikiri tena.

Hatusemi Mheshimiwa aachwe aseme mpaka alfajiri. Katika mkutano wa tawi letu mwenyekiti humpa kila msemaji dakika 5, wala hatunung'uniki. Huko Uingereza, mwaka 1881, Wabunge wa Ireland walikivuta kikao kwa saa 41, hata Spika akafunga mjadala mwenyewe. Hayo twayafahamu.

Lakini kupunguza dakika za msemaji ni jambo moja, na kupunguza siku za muswada ni jambo jingine. Dakika ni za Mbunge. Siku ni zetu sisi, maana katika siku hizo ndipo habari hutoka Nairobi zikafika Mombasa, tukasoma, tukaulizana, tukampelekea Mbunge wetu neno.

Tukumbuke yaliyopita. Tarehe 9 Juni 1982 Bunge lilipitisha kwa siku moja kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja. Kukiondoa kulichukua zaidi ya miaka 9, hata Desemba 1991, na katika miaka hiyo watu waliwekwa kizuizini. Tena, tarehe 18 Desemba 2014, sheria ya usalama ilipitishwa katikati ya fujo na kelele, ikatiwa sahihi kesho yake. Februari 2015 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu 8. Haraka ya Bunge ikawa kazi ya mahakama.

Wala msidhani mambo haya ni ya wakubwa tu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilikata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Novemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikasema makato hayo hayapatani na Katiba. Machi 2024 yakarudi kwa sheria nyingine. Asiyesoma muswada ataisoma sheria katika karatasi yake ya mshahara.

Sisi wa reli twajua kwamba gari haliondoki mpaka breki zijaribiwe, toka injini hata behewa la mwisho. Abiria hukasirika kwa kungoja, lakini hufika salama. Muswada nao una breki zake, nazo ni siku zake.

Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 chalitaka Bunge lishirikishe wananchi katika kazi yake. Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, siku za muswada zisipunguzwe ila kwa msiba wa kweli, kama vita au mafuriko. Pili, kila muswada unaogusa mshahara uandikwe kwa Kiswahili pia, tena mapema.

Nasi tusikae bure. Kila tawi lichague watu wawili wa kusoma miswada na kutueleza mkutanoni. Tukidai siku hizo kisha tukazilalia, tutakuwa tumezipunguza wenyewe.

Mwenda pole hajikwai.