Oili ya gari ikigeuka maziwa, pima kabla ya kushusha injini

Umefungua kifuniko cha kuwekea oili kwenye gari la nyumbani, chini yake umekuta utando mzito wa rangi ya maziwa, kama mayonezi. Fundi wa kwanza kuuona anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, injini ishushwe. Hapo ndipo mzazi anaanza kupiga hesabu za ada ya muhula ujao.

Tulia kwanza. Wasomaji wa safu hii mnajua ninavyosisitiza kuwa si kila homa ni malaria: pima, ndipo utumie dawa. Kwa gari ni hivyo hivyo. Utando ule ni oili iliyochanganyika na maji, na cha kujua ni maji hayo yametoka wapi.

Mara nyingi ni unyevu tu. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na kiasi chake hupenya hadi kwenye oili. Injini ikipata moto vya kutosha, unyevu huo hukauka. Lakini gari linalopeleka watoto shule kilomita mbili na kuzimwa, kisha likaenda sokoni na kuzimwa tena, halifiki huko. Mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko. Sehemu za baridi kama Njombe, Makete na Lushoto, hasa mwezi Juni na Julai, hali hii huonekana zaidi.

Chanzo cha pili ndicho cha hatari: maji ya rejeta kuingia kwenye oili kupitia gasketi iliyoungua au silinda hedi iliyopasuka, mara nyingi baada ya gari kuchemsha. Chanzo cha tatu ni kupita kwenye maji ya mafuriko. Gari likizima katikati ya maji, usijaribu kuliwasha. Livutwe hadi kwa fundi.

Utatofautishaje? Pima asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa na gari likiwa limesimama mahali tambarare.

1. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ya rangi ya asali au nyeusi haina dalili ya maji. Ikiwa kama chai ya maziwa, au imepanda wakati hujaongeza, maji yameingia.

2. Angalia maji ya rejeta. Yakipungua kila baada ya siku chache na chini hakuna tone, yanaenda ndani ya injini.

3. Washa gari ikiwa tu kijiti kimeonyesha oili safi. Mvuke kidogo asubuhi ni kawaida. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto si kawaida.

Kama utando uko kwenye kifuniko tu na mengine yote ni mazima, ufute, endesha safari ya nusu saa au zaidi, kisha angalia tena baada ya wiki. Ukirudi, mwambie fundi akague bomba la kupumulia la injini, huenda limeziba.

Kama kijiti chenyewe kina maziwa, usiwashe gari, hata kwa safari ya kufika gereji. Oili hiyo hailainishi tena vyuma, na injini inaweza kunoki njiani. Mwite fundi nyumbani au gari livutwe. Kabla hujakubali injini ifunguliwe, mwombe apime presha ya rejeta na aangalie kama moshi wa injini unaingia kwenye maji yake. Kumwaga oili na kuweka mpya bila kuziba panapovuja ni kumpa mgonjwa dawa ya maumivu na kuuacha ugonjwa.

Sasa upande wa watoto. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, maji yake huruka na kuunguza uso na mikono, na mtoto aliyesimama pembeni kutazama huunguzwa pia. Usiwashe gari "lipate moto" ndani ya banda lililofungwa, moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.

Kubwa zaidi ni kuleanti, ile dawa ya kijani au nyekundu ya kwenye rejeta. Nyingi zina kemikali yenye ladha tamu inayoharibu figo, na kiasi kidogo kinaweza kumuua mtoto. Usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Iliyomwagika, ioshe siku hiyo hiyo. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usisubiri dalili. Mwanzoni huonekana kama amelewa tu, au hana tatizo lolote. Mkimbize hospitali, na chukua chupa yenyewe ili daktari ajue alichokunywa.