Chuo cha Famasia cha Binafsi: Baraka au Mzigo kwa Familia za Sepuka?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, familia nyingi za Sepuka na vijiji vingine vya Wilaya ya Ikungi huingia katika kipindi cha maamuzi mazito. Kijana amepata D ya Kemia na D ya Biolojia, lakini hakuchaguliwa kuendelea na kidato cha tano. Mara simu zinaanza kuingia: kuna chuo cha binafsi mjini kinachotoa kozi ya famasia, nafasi bado zipo, ada inalipwa kwa awamu, na ajira, wanasema, ni ya uhakika. Wazazi hutazama zizi, hutazama magunia ya alizeti yaliyobaki, kisha hutazamana wao kwa wao.

Katika makala haya tunakusudia kupima jambo hili kwa haki. Si nia yetu kuvisifu vyuo vya binafsi wala kuvilaani, bali kuwasaidia wazazi na vijana waone faida iko wapi, hatari iko wapi, na imani yetu inatudai nini kabla ya kuuza ng'ombe wa kwanza.

Uhitaji ni wa kweli

Tuanze na mgonjwa, kwa kuwa taaluma hii ipo kwa ajili yake. Dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinavyomezwa vinne kwa mara sita ndani ya siku tatu. Anayepewa nusu dozi dukani kwa sababu fedha haikutosha, au anayeacha siku ya pili kwa sababu amepata nafuu, hajatibiwa. Vivyo hivyo anayenunua vidonge vichache vya rangi mbili kwa kila kikohozi huvifundisha vijidudu kuishinda dawa. Watafiti wa kimataifa wamekadiria kwamba mwaka 2019 peke yake bakteria sugu dhidi ya dawa walisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Tumtazame pia mama anayejifungua. Sindano ya oksitosini, inayozuia kutokwa na damu baada ya kujifungua, inapaswa kutunzwa kwenye jokofu, kati ya nyuzijoto 2 na 8. Ikikaa siku nyingi kwenye kabati lenye joto hupoteza nguvu yake, ingawa kwa macho chupa inaonekana nzima. Zahanati isiyo na mtu aliyesomea utunzaji wa dawa humwachia muuguzi kazi hiyo juu ya kazi zake nyingine zote.

Taifa letu limelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Ndiyo maana mwaka 2003, kuanzia Mkoa wa Ruvuma, ulianzishwa mpango wa Duka la Dawa Muhimu ili kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, na watoa dawa wake wakapewa mafunzo maalumu. Mwaka 2011 ikatungwa Sheria ya Famasi, ambayo ndiyo inayolipa Baraza la Famasi mamlaka ya kusimamia taaluma hii. Kijana wa Sepuka anayetamani kusomea famasia hajachagua jambo la kipuuzi. Amechagua huduma ambayo ndugu zake wanaihitaji.

Mafunzo yalivyopangwa

Stashahada ya Sayansi ya Famasia huchukua miaka mitatu, katika ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za tuzo za kitaifa, chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Sifa ya kujiunga ni ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, Kemia na Biolojia zikiwemo. Anayehitimu ngazi ya 6 na kukidhi matakwa ya Baraza la Famasi huwa mteknolojia dawa. Huyo si mfamasia, kwa maana mfamasia ni mwenye shahada ya chuo kikuu. Wapo mawakala wanaozichanganya ngazi hizi mbili kwa makusudi, na mzazi asiyejua hudhani amenunua kitu ambacho hakikuwa sokoni.

Yaliyo mema katika vyuo vya binafsi

La kwanza ni nafasi. Vyuo vya serikali haviwezi kupokea waombaji wote wenye sifa. Tangu mwaka 1991, sheria iliporekebishwa na kuruhusu tena huduma za afya za watu binafsi, hospitali, maduka ya dawa na vyuo vimeongezeka, na vijana ambao wangebaki nyumbani wamepata mlango.

La pili, neno "binafsi" lisituogopeshe. Mbele ya sheria, hata taasisi za Kanisa zimo katika kundi la zisizo za serikali. Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi kilichopo Bugando, Mwanza, ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, nacho kinafundisha famasia jirani na hospitali kubwa ya rufaa. Mwanafunzi wa huko anavuka ua tu, anakutana na wagonjwa, stoo ya dawa na walimu walio kazini. Hivyo tofauti kubwa haiko kati ya chuo cha serikali na cha binafsi. Iko kati ya chuo chenye hospitali ya kujifunzia na chuo chenye madarasa peke yake.

La tatu, mteknolojia dawa ana milango kadhaa ya kazi: zahanati na vituo vya afya, hospitali za mashirika ya dini, maduka ya dawa, na bohari. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kadiri inavyotekelezwa, nayo itadai kumbukumbu za dawa zilizo sahihi zaidi, na kazi hiyo inahitaji watu waliofundishwa.

Yaliyo ya kuogopwa

Hatari ya kwanza ni gharama, na hapa tuhesabu pamoja. Tuchukue mfano wa chuo kinachotoza ada ya shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni shilingi 4,500,000. Kama ng'ombe mmoja mnadani anapata shilingi 700,000, ada peke yake ni zaidi ya ng'ombe sita. Hapo hatujagusa chakula, hosteli, sare, bima ya afya, mitihani, nauli wala gharama za mafunzo kwa vitendo. Familia inayotegemea alizeti haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Wakulima wa Singida wanakumbuka vema jinsi bei ya alizeti ilivyoporomoka mwaka 2023. Ada haishuki bei ya zao inaposhuka.

Hatari ya pili inazaliwa na ya kwanza: kuishia njiani. Kijana anayesimamishwa mwaka wa pili kwa kukosa ada hurudi nyumbani bila stashahada, na zizi likiwa tupu. Kwa maoni yetu hili ndilo jeraha kubwa kuliko yote, kwa kuwa wadogo zake nao hukosa kilichobaki.

Hatari ya tatu ni ubora. Famasia hujifunzwa kwa mikono: kupima, kuchanganya, kusoma cheti cha daktari, kumweleza mgonjwa. Chuo kisicho na maabara inayofanya kazi wala walimu wa kutosha wa fani hiyo kinaweza kutoa cheti bila kutoa ujuzi. NACTVET imewahi kuzuia baadhi ya vyuo kudahili na kuvifutia vingine usajili, na usumbufu wa hatua hizo huwaangukia wanafunzi kwanza.

Hatari ya nne ni ahadi ya ajira. Nafasi za serikali zinapotangazwa, waombaji ni wengi kuliko nafasi. Kusema ajira ipo ni kweli. Kusema ajira ni ya uhakika si kweli, na anayelisema ili apate ada yako anakudanganya. Kuhusu mikopo, serikali ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 kuwakopesha wanafunzi wa stashahada, lakini kwa fani zilizotajwa kuwa za kipaumbele tu. Mzazi asikubali neno la wakala. Asome mwongozo wa mwaka husika aone kama kozi ya mwanawe imo.

Mafundisho ya Kanisa yanatuangazia

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kwamba dawa ni zawadi ya Mungu itokayo katika nchi, na kwamba mwenye busara haidharau. Anayezitunza na kuzitoa anashiriki kazi ya Muumba. Papa Benedikto XVI, alipozungumza na wafamasia Wakatoliki mwezi Oktoba 2007, aliwakumbusha kuwa wao ni kiungo kati ya daktari na mgonjwa, na akatetea haki yao ya kukataa kwa dhamiri kushiriki katika matendo yanayoharibu uhai. Kwa hiyo tunapomchagulia kijana chuo tujiulize pia kama mahali hapo patamlea awe mtu wa dhamiri. Yule anayekubali kuuza dawa iliyokwisha muda kwa sababu mwenye duka ameagiza ana cheti, lakini hana wito.

Tena Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Huyo huketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza. Kuhesabu si kukosa imani. Mzazi anayesema "Mungu atajalia" bila kuketi na kuhesabu anaweza kumjaribu Mungu badala ya kumtumainia.

Maswali kabla ya kulipa

Tunashauri kila familia ipate majibu ya maswali haya, kwa kwenda na kuona, si kwa simu tu:

1. Je, chuo kina usajili hai wa NACTVET, na kozi ya famasia yenyewe imo katika mwongozo wa udahili wa mwaka huu?
2. Baraza la Famasi linakitambua?
3. Wanafunzi wanafanya mafunzo kwa vitendo katika hospitali gani, na kwa muda gani?
4. Walimu wa famasia ni wangapi, na maabara inatumika au imefungwa?
5. Jumla ya gharama zote kwa miaka mitatu ni kiasi gani, kwa maandishi?
6. Waliohitimu miaka miwili iliyopita wako wapi sasa?
7. Ada ikichelewa, mwanafunzi anafanywaje?

Chuo chema hakitachukizwa na maswali haya. Chuo kinachokasirika kimekwisha kujibu.

Njia nyingine zipo

Aliyekosa famasia hajakosa maisha. Kijana mwenye ufaulu wa kutosha aliyechaguliwa kidato cha tano asikimbilie chuo kwa haraka, kwa kuwa tangu mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali hakina ada, na njia hiyo inaweza kumfikisha kwenye shahada yenyewe. Aliye na vipaji vya mikono atazame VETA Singida. Anayependa kazi ya dawa lakini hana uwezo wa miaka mitatu aulize kuhusu mafunzo ya watoa dawa wa Duka la Dawa Muhimu, ambayo ni mafupi na gharama yake haifanani na ile ya stashahada.

Msimamo wetu

Baada ya kupima pande zote, tunaona kwamba chuo cha binafsi cha famasia ni chaguo jema pale mambo matatu yanapokutana: usajili usio na shaka, hospitali ya kweli ya kujifunzia, na familia iliyo na njia ya kufika mwaka wa tatu. Likikosekana moja kati ya hayo, ni afadhali kusubiri mwaka mmoja kuliko kuanza na kuanguka.

Hata hivyo mzigo huu usiachwe kwa baba na mama peke yao. Jumuiya ndogondogo zinazochanga kwa ajili ya misiba zinaweza pia kuwa na mfuko wa elimu, ili mtoto wa jumuiya asirudishwe nyumbani kwa upungufu wa muhula mmoja. WAWATA na UWAKA wanaweza kuwatuma watu wawili wakakague chuo kwa niaba ya familia kumi, badala ya kila familia kutumia nauli yake. Nasi katika jimbo letu tunazo hospitali za Kanisa, Makiungu na Mtakatifu Gaspari Itigi. Tunapendekeza zitazamwe kama mahali pa kuwapokea vijana wetu kwa mafunzo ya vitendo, ili wanapohitimu wawe wamemwona mgonjwa akihudumiwa kwa heshima.

Watakatifu Kosma na Damiani, wasimamizi wa waganga na wafamasia, tunaowakumbuka kila tarehe 26 Septemba, watuombee hekima ya kuchagua vema, na wawaombee vijana wetu moyo wa kuhudumu.