Mkorogo wa ngozi ni dawa, si urembo

Ukipita kwenye vibanda vya urembo katikati ya jiji la Nairobi, hutakosa muuzaji wa kukuchanganyia mafuta papo hapo. Losheni kidogo, tyubu moja au mbili, anakoroga kwa kijiti, anakufungia kwenye kikopo kisicho na lebo. Anakuahidi kung'aa kwa wiki mbili. Na mara nyingi unang'aa kweli, ndiyo maana unarudi.

Kinachokung'arisha mara nyingi ni klobetasoli, steroidi kali ambayo madaktari huitoa kwa magonjwa ya ngozi kama soriasisi. Maelezo yake yako wazi: usipitishe wiki mbili mfululizo, wala gramu 50 kwa wiki. Wewe unajipaka shingo hadi vidole vya miguu, asubuhi na jioni, mwaka mzima! Ngozi si mabati. Dawa hupenya hadi kwenye damu, na mwili ukizoea steroidi ya kupewa, tezi zilizo juu ya figo huzembea kutengeneza homoni yake. Kwa hivyo kama umetumia kwa miezi mingi, usiache ghafla kimyakimya. Unaweza kuishiwa nguvu, hata kuzirai. Beba hicho kikopo, umwonyeshe daktari. Usione haya.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi tangu 1998. Mbona basi biashara inanoga? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu ukaguzi hufuata bidhaa yenye jina. Shirika la viwango, KEBS, linaangalia vipodozi, nayo Bodi ya Famasia na Sumu inaangalia dawa. Tyubu ikiwa kwenye duka la dawa ni halali kabisa. Ikishakorogwa kibandani haina jina, haina kiwanda, na ushahidi wote unatoshea kwenye mkoba wako.

Si ati kuchanganya dawa ni kosa. Mfamasia huchanganya jeli na krimu kwa agizo la daktari, lakini yeye hupima kwa mizani na kuandika kiasi na tarehe ya mwisho. Huyu wa kibandani anapima kwa jicho.

Kufukuzana na vibanda hakutatosha, kesho vitahamia TikTok. Afadhali kuanzia kwenye kaunta ya duka la dawa, pale tyubu hizo zinapouzwa bila mtu kuulizwa karatasi ya daktari.