Nesi ampigie simu

Wadau, hebu tulitazame hili. Mama mwenye saratani ya matiti anatundikiwa dripu ya dawa asubuhi pale Ocean Road, jioni yuko kwenye daladala anarudi Mbagala. Halazwi. Kulala kwake ni nafuu, sikatai. Lakini hatari inamfuata hukohuko nyumbani.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembechembe nyeupe za damu hushuka sana. Homa ya nyuzi joto 38 kwake ni dharura, si ya kumeza panadol na kusubiri kukuche. Na akipewa ile dawa nyekundu, doksorubisini, mkojo nao huwa mwekundu siku moja au mbili. Asipoelezwa mapema atadhani ni damu, na safari ijayo harudi.

Daktari ana foleni. Kazi hii ni ya nesi, na apewe muda wa kuifanya. Sidai mashine ya mabilioni. Nadai kipimajoto, namba ya simu, na nesi anayepiga wiki ya pili kuuliza: "Mama, joto limepanda?"

Vocha ya simu haiwezi kuishinda wizara. Au mnasemaje?