Insha ya Tone la Maji

Mwulize mtoto wa darasa la nne mvukizo ni nini, naye atakujibu papo hapo: ni hali ya kimiminika kugeuka kuwa mvuke. Mwalimu ataweka vema, na somo limekwisha. Sasa mwambie mtoto huyohuyo aandike nusu ukurasa, ajifanye tone la maji ndani ya kanga iliyoanikwa kambani, atueleze yaliyompata tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Hapo ndipo mambo hufichuka. Mmoja ataandika kwamba jua lilimnywa, mwingine kwamba alizama ndani ya uzi akafa, na wa tatu kwamba alipaa bila kuonekana akachukuliwa na upepo. Wote watatu waliiimba maana ileile, lakini ni mmoja tu anayejua maji yamekwenda wapi. Ndiyo maana nashikilia kuwa insha na sayansi ni ndugu wa tumbo moja. Tumewatenganisha kwa ratiba, na hasara imewapata wote wawili.

Hasara ya insha iko wazi. Mtoto aliyekosa jambo la kusema huazima: jua lichomoze, ndege waimbe, hata kama kijijini kwake siku hiyo mvua ilikesha. Mpe harage kwenye kitambaa kibichi, alitazame kila asubuhi. Ataona mzizi ukitangulia kutoka na kuelekea chini hata mbegu ikigeuzwa, kisha shingo iliyopinda kama ndoana ikinyooka na kuinua mapande mawili ya harage. Punje ya mahindi iliyo jirani yake itabaki palepale chini. Mtoto wa namna hii haazimi maneno. Anayatafuta, kwa sababu anacho cha kueleza.

Wapo watakaosema kwamba kubuni kutamzoeza mtoto uongo katika somo la ukweli. La hasha. Tone la hadithi halina ruhusa ya kupaa bila joto wala kurudi bila kupoa. Lina sheria kali kuliko sungura wa ngano zetu. Wengine watasema darasa lina watoto themanini, nani atasahihisha? Pingamizi hili ni zito, wala silidharau. Lakini madaftari kumi kwa wiki yanasahihishika, na insha mbili zinazopingana zikisomwa kwa sauti, darasa zima hufanya kazi ya kusahihisha. Ama mtihani wa darasa la saba, ambao kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu, haumdhuru aliyeelewa.

Simulizi ya mwanafunzi imewahi hata kuingia katika jarida la sayansi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Tanganyika, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ungali moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 alichapisha makala juu ya jambo hilo katika jarida la Physics Education, pamoja na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Wachache hukumbuka kwamba makala hiyo inaanza kwa simulizi ya Mpemba mwenyewe, hatua kwa hatua.

Basi, mwalimu, kesho usianze kwa kuandika maana ubaoni. Anika kitambaa kibichi dirishani, wape watoto robo saa na kalamu, kisha soma walichoandika.